Nyasi Zisizo na Ng'ombe

Ndugu zangu wa kalamu, mbukwenyi!

Ndiyo salamu ya huku Ugogoni, na asiyejua kuiitikia asione haya, atazoea. Safari hii sikuleta hadithi. Riwaya yangu bado imelala kwenye kaunta buku tatu, sura ya kumi na moja imegoma kama punda wa maji, na anayeisubiri aendelee kuvuta subira. Leo nimekuja na ugomvi. Nataka kugombana na watu wa aina nne: wenye nyumba, wachora ramani, mafundi bustani wenzangu, na nyinyi mnaosoma ukurasa huu huku mkiota kuitwa waandishi. Wa tano ni mimi mwenyewe. Nitajifikia.

Kazi yangu ni kushauri watu kuhusu bustani zao. Najua kuna mtu hapo ameshaanza kucheka. Kijana aliyeishia kidato cha nne, mwenye cheti ambacho kingefaa zaidi kufungia maandazi, leo anajiita mshauri! Cheka tu, bwana. Nilianza kwa kubeba udongo na samadi kwa toroli kwenye kitalu cha miche kando ya barabara. Nikajifunza miche kwa kuimwagilia, majina kwa kuyauliza, na tabia ya miti kwa kuiona inakufa. Wateja wakawa wananiuliza pembeni, mwenye kitalu asisikie: "Kijana, pale kwangu nipande nini?" Nikaona kumbe mdomo nao unalipa. Siku hizi naitwa, napima kiwanja kwa futi kamba, nachora kwenye karatasi, naeleza mti gani ukae wapi na maji yatoke wapi yaende wapi. Hela yenyewe si ya kutisha, ila kodi ya chumba inatoka na wino unanunulika.

Sasa sikilizeni ugomvi.

Dodoma ni nchi kavu. Hilo halihitaji profesa. Mvua zetu zinaanza Disemba na kwisha Aprili, msimu mmoja tu, na kwa wastani hazizidi sana milimita 570 kwa mwaka mzima. Kuanzia Mei hadi Novemba unaweza kukaa usione hata wingu la kukudanganya. Wakati huo huo jua na upepo wa hapa, ukiwawekea beseni la maji wazi mwaka mzima, watakunywa zaidi ya milimita 2,000. Yaani mbingu inatoa moja, na jua linadai zaidi ya tatu. Babu zetu waliijua hesabu hii bila kuisomea. Ndiyo maana walifuga, walilima uwele na mtama, walijenga tembe lenye paa la udongo, na uwanja wa mbele waliufagia. Hukuta Mgogo amepanda majani mbele ya nyumba ili ayatazame.

Kisha mji ukaja. TANU iliamua mwaka 1973 kwamba makao makuu yahamie Dodoma, na miaka mingi ikapita watu wakienda na kurudi Dar es Salaam. Mwaka 2016 Rais John Magufuli akatangaza kwamba safari hii serikali inahama kweli, na mwaka 2018 manispaa ikatangazwa kuwa jiji. Watu wakaja. Ilazo, Kisasa, Iyumbu, Njedengwa, viwanja vikapimwa na nyumba zikaota kama uyoga. Karibu kila fensi iliyosimama, ndani yake mwenye nyumba akataka kitu kimoja: majani. Zulia la kijani kutoka getini hadi barazani, lililokatwa kama kichwa cha mwanajeshi, halina hata jani moja la kuliwa.

Mwaka 2022, nikiwa bado chini ya mwenye kitalu, nilitandaza zulia la namna hiyo kwenye nyumba moja. Mita za mraba 300. Mwenyewe alikuwa na kisima cha kuchimba, kwa hiyo hakuwa na wasiwasi. Tulimwagilia asubuhi na jioni. Ilipofika mwezi wa tisa pampu ikaanza kuvuta hewa, na maji yaliyobaki yakawa ya chumvi kiasi kwamba ncha za majani ziliungua zikawa za rangi ya chai. Mwenye nyumba akakasirika, akaagiza boza. Boza likaja, likapaki, mpira ukavutwa, na mimi nikaanza kumimina maji ya kununuliwa juu ya majani.

Nje ya geti palikuwa na bibi mmoja, kashika ndoo. Mtaa ule ulikuwa na siku ya tatu bombani hamna kitu. Nikamwamkia. Akaitikia, akaangalia ndani kupitia kwenye nondo, akanyamaza kidogo.

"Mjukuu wangu, humu mnafuga ng'ombe wangapi?"

"Hakuna ng'ombe, bibi."

"Mbuzi?"

"Hakuna."

"Sasa haya majani anayala nani?"

"Hayaliwi, bibi. Yanaangaliwa tu."

"Yanaangaliwa," akasema, kama mtu anayejifunza neno la kigeni. "Na hayo mnayoyakata?"

"Tunayachoma."

Sikuwahi kuulizwa swali gumu zaidi ya lile, na mimi nimefanya mtihani wa hesabu wa taifa.

Basi tufanye hesabu, maana wenye nyumba ninaowashauri ni watu wa hesabu. Majani ya zulia, ukitaka yabaki kijani kama kwenye picha, katika kiangazi cha hapa yanataka kama lita tano kwa kila mita ya mraba kila siku. Mita 300 mara lita tano ni lita 1,500. Hizo ni ndoo 75 za lita ishirini, kwa siku moja. Toka Mei mpaka Novemba kuna siku 214. Zidisha: lita 321,000. Boza la lita 10,000 lingekuja mara thelathini na mbili na bado majani yangelalamika. Mwaka 2018, mji wa Cape Town ulipokaribia kuishiwa maji, kila mkazi aliwekewa kikomo cha lita 50 kwa siku. Kwa kipimo hicho, bustani ile moja ya Dodoma ilikuwa inakunywa maji ya watu thelathini. Watu thelathini wamelala chali mbele ya nyumba, kazi yao kuangaliwa!

Mwenye nyumba atanijibu, na nimeshajibiwa hivi zaidi ya mara moja: "Kijana, maji ni yangu. Nimechimba kisima changu kwenye kiwanja changu." Mzee wangu, kiwanja kina fensi, maji ya chini hayana. Jiji hili kwa miongo mingi limetegemea visima vya Mzakwe, katika bonde la Makutupora. Wataalamu walikaa na kumbukumbu za kina cha maji ya bonde hilo za miaka 55, wakachapisha walichokiona mwaka 2013 katika jarida la Nature Climate Change. Walichokiona ni hiki: maji yale hayajazwi kidogo kidogo kila mwaka kama tunavyofikiri. Hujazwa hasa katika ile misimu michache ya mvua kubwa sana, kama ya El Niño ya 1997/98, halafu kina kinashuka polepole mpaka mvua kubwa nyingine ije, na hakuna anayejua itakuja lini. Ni kama mshahara unaoingia mara moja kwa miaka kadhaa. Mtu mwenye mshahara wa namna hiyo hanunui bia kwa kreti kila siku. Lakini sisi tunawanywesha nyasi.

Wa pili kunijibu ni yule aliyesafiri. "Mbona Ulaya majani yapo kila mahali?" Hapa napenda kumshangaza. London inapata takribani milimita 600 za mvua kwa mwaka. Ndiyo, si mbali sana na Dodoma! Tofauti ni kwamba mvua ya London inagawanywa miezi yote kumi na miwili, jua lao ni la kuomba radhi, na majani yao yanamwagiliwa na Mungu bila bili. Ya kwetu inamwagwa miezi mitano, mara nyingine kwa vishindo vya saa mbili, halafu jua linakaa miezi saba likidai deni. Kipimo kinakaribiana, nchi haifanani. Anayenakili bustani ya London akaileta Ilazo amenakili majibu ya mtihani wa mwenzake bila kuangalia kama swali ni lile lile.

Na hao waliotufundisha, unajua walianzaje? Mabwana wakubwa wa Uingereza na Ufaransa, karne ya 17 na ya 18, walitandaza majani mbele ya majumba yao kabla hata mashine ya kukatia haijabuniwa. Hiyo ilikuja mwaka 1830. Yalikatwa kwa fyekeo na vibarua, au yalilishwa kondoo. Uwanja wa majani ulikuwa tangazo: tazameni, nina ardhi ya kuchezea, sina haja ya kuilima, na nina watu wa kuinama kwa niaba yangu. Swali la bibi lilikuwa limegusa kiini cha mambo. Majani yasiyo na ng'ombe yalibuniwa hasa ili yasiwe na ng'ombe.

Leo wenyewe wanayang'oa. Jimbo la Nevada kule Marekani lilipitisha sheria mwaka 2021: majani ya mapambo tu, yasiyochezewa wala kukaliwa, kwenye maofisi na kandokando ya barabara za eneo la Las Vegas, yasimwagiliwe tena maji ya mto Colorado baada ya mwaka 2026. Mji wa Denver ulianza mapema zaidi. Mwaka 1981 watu wa idara yao ya maji walibuni hadi jina la bustani ya nchi kavu na kuanza kuifundisha. Kwa hiyo, mheshimiwa, hata kama nia yako ni kuiga, umechelewa basi.

Halafu kuna hili linaloniuma zaidi. Mkoa huu huu ulikuwa na mradi wa HADO, Hifadhi Ardhi Dodoma, ulioanza mwaka 1973. Kule Kondoa makorongo yalikuwa yameila ardhi mpaka mifupa. Mwaka 1979 serikali ikaamua mifugo yote iondolewe kwenye eneo lililoharibika. Maelfu ya ng'ombe, mbuzi na kondoo wakatolewa. Fikiria mfugaji anaambiwa atoe ng'ombe wake, ambao ndio benki yake, mahari ya wanawe, na heshima yake, ili ardhi ipumue. Walitoa. Ardhi ikaanza kuota tena, na watu wakaja kutoka mbali kuiona. Sasa niambieni: mwanakijiji aliambiwa atoe ng'ombe aliyekuwa anamlisha, na mtu wa mjini hawezi kuambiwa atoe majani yasiyomlisha hata sungura?

Wachora ramani, na nyinyi mnisikie. Mnachora nyumba nzuri, sikatai. Vyumba vinne, kimoja kina choo chake, jiko la ndani, jiko la nje, maegesho ya gari mbili. Halafu karatasi inabaki na nafasi, mnachukua kalamu ya kijani mnapaka yote. Basi! Kiwanja kilichobaki kimekuwa "eneo la kijani". Hamjaonyesha upepo unatoka wapi, na upepo wa Dodoma wa mashariki kila mtu anaujua kwa vumbi lililo kwenye meno yake. Hamjaonyesha jua la saa tisa linapiga dirisha lipi. Hamjaonyesha maji ya paa yanakwenda wapi. Na pasipopakwa kijani mnapiga pevingi ukuta hadi ukuta, mvua ya Januari inateremka juu yake kama lami, inatoka getini, inaingia kwa jirani wa bondeni. Kiangazi tunanunua maji kwa boza, masika tunayafukuza kwa mfereji. Ama kweli, akili ni mali.

Nawageukia mafundi bustani wenzangu. Tusidanganyane, tunafahamiana. Tunajua majani hayafai. Tunayauza kwa sababu yanauzwa kwa mita, na mita ni hela ya haraka. Tena yana ulaji wa kudumu: kila wiki kukata, kila siku kumwagilia, kila baada ya muda mbolea, na yakifa unalipwa kuyapanda upya. Mkwaju unaupanda mara moja, baada ya miaka miwili mitatu haukuhitaji tena. Mti mzuri unamfukuza fundi kazi! Ndiyo maana ukimwambia fundi "nataka kivuli", anakujibu "bosi, majani yanapendeza". Nalisema hili nikijua kuna watakaonichukia vijiweni. Wanichukie, ila waje na hoja.

Zipo hoja za kweli, na sitazikwepa. Ya kwanza ni vumbi. Mama mmoja aliniambia: "Baba, mimi sitaki fahari, nataka watoto wasile vumbi." Huyo ana haki. Ya pili ni nyoka: watu wanaogopa kwamba ukipanda vichaka umekaribisha wageni wasiobisha hodi. Hao nao wana haki. Kwa hiyo nieleze ninavyofanya, ili asije mtu akasema nabomoa tu sijengi.

Kwanza naomba mwenye nyumba asubiri mvua moja. Tunasimama barazani tunaangalia maji yanatokea wapi na yanakimbilia wapi. Yanapokimbilia ndipo ninapochimba: makinga maji ya mviringo, mashimo ya kupandia yaliyo chini kidogo ya uwanja, ili mvua isitoke getini bila kusalimia. Paa la mita za mraba 150, kwa mvua zetu, linaweza kukupa karibu lita 68,000 kwa msimu, hata ukitoa sehemu moja ya tano kwa yanayopotea. Weka mfereji kwenye paa, weka tangi kadiri ya mfuko wako, lifunike vizuri mbu wasizae. Yatakayozidi yapeleke kwenye miti.

Miti naiweka kwa kazi. Upande wa mashariki, mstari wa kuvunja upepo. Upande wa magharibi, kivuli cha kukinga jua la alasiri lisipike ukuta. Mgunga, mkwaju, hiyo ni wenyeji, inaijua njaa ya nchi hii. Mwarobaini ni mgeni kutoka Asia lakini ameshajua adabu zetu, ila mbali na msingi na chemba. Mbuyu kama kiwanja ni kikubwa na una moyo wa kupanda kitakachokivulia kizazi cha mjukuu wa mjukuu. Chini napenda shubiri, mkonge wa mapambo, bogenvilia kwenye fensi, na kile kimti chenye shina nene wanachokiita waridi la jangwani, ambacho ukikimwagilia sana ndipo kinapokufa. Barazani nasimamisha kichanja cha mzabibu. Tuko Dodoma, jamani, zabibu hapa huvunwa mara mbili kwa mwaka! Unapata kivuli, unapata tunda, na maji ya mashina machache yanatoka tone kwa tone.

Vumbi linazuiwa na miti ya upepo, na ardhi iliyo wazi inafunikwa: changarawe karibu na nyumba, matandazo ya majani makavu chini ya miti. Nyoka nao wanakosa pa kujificha, kwa sababu mita tatu nne kuzunguka nyumba naacha wazi, za kufagiwa, kama uwanja wa bibi. Kumbe ufagio ulikuwa elimu. Na kama una mtoto mdogo anayetaka kugaagaa, nakuachia kipande cha majani cha kutosha mkeka mmoja. Siyo kwamba nina ugomvi na watoto.

Tupige hesabu ya mwisho. Miti kumi michanga, lita ishirini kila mmoja mara mbili kwa wiki katika viangazi viwili vya kwanza, ni lita 400 kwa wiki. Zulia lile la mita 300 lilikuwa linakunywa 10,500 kwa wiki, na lingekunywa hivyo hivyo mpaka kiama. Maji ya kufulia nguo ukiyamwagia miti kwa zamu, nusu ya hiyo kazi imekwisha.

Sasa nimefika kwenu, waandishi chipukizi, na msijifanye mmesinzia. Huwa tunabadilishana miswada. Mwaka huu nimesoma sita. Mitano ina tajiri ndani yake, na matajiri wote watano wana "bustani nzuri yenye majani ya kijani kibichi yaliyokatwa vizuri". Mmoja wao anaishi Singida! Ndugu yangu, Singida? Nani anayamwagilia? Katika riwaya yako yote sikuona mpira, sikuona boza, sikuona bili. Shamba boi anatokea ukurasa wa nne, anafungua geti, anasema "karibu bosi", halafu anapotea mpaka mwisho wa kitabu, hata jina hukumpa. Na bibi wa ndoo hakuwemo kabisa. Unataka kutuonyesha tajiri, ukachukua picha uliyoiona kwenye filamu ukaipanda kwenye nchi ambayo hukuiuliza kama itaota. Wewe na mwenye nyumba wa Ilazo mnafanya kazi moja.

Uwanja wa nyumba unasema mengi kuliko sura ya mwenye nyumba, kama mwandishi atausoma. Ukiniambia tajiri wako ana kisima chenye kufuli, na jirani zake wanaitambua sauti ya pampu yake usiku, nimeshamjua. Ukiniambia mama wa mhusika wako anamwaga maji ya kuoshea mchele kwenye mpapai ule ule kila jioni, nimeshampenda. Tunasema riwaya zetu hazisomwi. Labda msomaji anafungua, anaona majani yasiyojua kiangazi, anajua huyu anaandika nchi asiyoishi, anafunga.

Nasema hivi nikijua sura ya kwanza ya riwaya yangu mwenyewe ilianza na bustani hiyo hiyo, zulia na waridi na kila kitu. Nimeifuta juzi juzi.

Nilisema wa tano ni mimi. Hapo juu kuna kitu nilikificha. Nilipokuwa naongea na yule bibi, mkononi nilikuwa nimeshika mpira, na mpira ulikuwa unatoka maji. Yeye alikuwa na ndoo tupu. Kati yetu kulikuwa na geti la nondo ambalo mkono unapita. Mwenye nyumba alikuwa amekaa kibarazani juu, anatazama. Alikuwa ameshatuonya kwamba ukimpa mmoja kesho watakuja mtaa mzima. Sikuijaza ndoo ile. Nilimwambia, "Samahani bibi," nikageuza mpira upande wa majani. Aliniambia, "Haya, mjukuu wangu, kazi njema," akaondoka. Hakunitukana. Angenitukana ningelala usiku ule.

Na malipo ya kazi ile, pamoja na akiba kidogo, nilinunulia kompyuta ya mtumba. Ndiyo hii ninayoandikia ugomvi huu. Kwa hiyo asidhani mtu kwamba nahubiri nikiwa msafi. Maneno haya yamepigwa kwenye mashine iliyonunuliwa kwa maji ya yule bibi.

Mwaka 2024 ikaja kazi nyingine, mara mbili ya ile, mita 600 za majani tupu. Mshiko wake ungetosha kuchapa riwaya yangu nakala za kuanzia, bila kumpigia mchapishaji magoti. Nilikwenda, nikapima, nikachora miti, makinga maji na kichanja. Mwenyewe akaitazama karatasi akasema, "Hii ni shamba. Mimi nimekuita uniwekee majani." Nikamwambia majani siweki. Mwenye kitalu alipopata habari aliniambia nichukue reki yangu na kwenda zangu, kwamba yeye hawezi kukaa na mtu anayefukuza wateja kwa hotuba. Majani yale yaliwekwa na mwingine wiki iliyofuata. Nilipita pale kiangazi kile. Yalikuwa ya kijani kweli kweli, na boza lilikuwa limepaki nje.

Kwa hiyo sikushinda. Nakataa mtu asijimalizie hadithi yangu kwa vigelegele. Riwaya haijachapwa, na wateja wangu sasa ni walimu, manesi, wastaafu, watu wenye viwanja vya futi chache na bili wanayoiogopa. Hao ndio wanaosikiliza. Wananilipa kwa awamu, na mmoja alinilipa kwa kuku wawili. Lakini miti yao ipo, na nikipita mchana wa jua nakuta watu wamekaa chini yake.

Sikuomba serikali ije na fimbo. Naomba mambo madogo. Mwenye nyumba, kabla hujaagiza majani, hesabu ndoo. Mchora ramani, chora upepo na maji kabla ya kupaka kijani. Fundi mwenzangu, mwambie mteja ukweli hata mara moja kwa mwezi, uone kama utakufa njaa. Mwandishi mwenzangu, mpe shamba boi jina.

Na kama kuna bibi anapita getini na ndoo, mkono unapita kwenye nondo. Nimepima.

Mwenye hoja alete kalamu, kurasa zipo. Mwenye hasira nitamjibu toleo lijalo, Mungu akipenda na sura ya kumi na moja ikikubali.